Filamu ipi tuwaonyeshe watumishi vijana: ya Smith au ya Watergate?

Mwalimu wa Sinza
Ndugu zangu, ukumbi wa hapa Sinza tumeupata kwa jioni moja tu, na nataka vijana wapya wa serikalini watazame filamu moja kuhusu uadilifu. Nimebakiwa na mbili. Katika Mr. Smith Goes to Washington ya mwaka 1939, seneta kijana anazungumza karibu siku nzima kupinga ulaji katika mradi wa bwawa, hadi sauti inamkauka naye anaanguka. All the President's Men ya mwaka 1976 inawafuata waandishi wawili wa gazeti la Washington Post waliofukua kashfa ya Watergate, iliyomng'oa Rais Nixon wa Marekani. Ya kwanza inanigusa zaidi. Ya pili ni mambo ya kweli. Mnashauri ipi?

Mstaafu wa Magomeni
Chagua ya pili. Nimefanya kazi ya uhasibu miaka mingi, na hakuna sehemu iliyonishika kama ile ya mtunza hesabu wa kamati ya kampeni ya Nixon, akiwa nyumbani kwake, mwenye hofu tele, akikubali kutoa herufi za mwanzo tu za majina. Smith anasikilizwa na Seneti nzima. Yule mama mtunza hesabu yuko peke yake. Kijana wa uhasibu atajiona kwake, kwa maana jaribu lake halitakuja hadharani, litakuja jioni ndani ya faili, hati ya malipo isiyo na viambatisho, na mkubwa wake amesimama mlangoni akimhimiza asaini.

Binti Kigamboni
Shikamoo Mzee. Nakubali, ila filamu hiyo ina dakika 138 na majina mengi, na asiyejua kwamba Nixon alijiuzulu Agosti 1974 atapotea. Ya Smith inaeleweka upesi, ingawa pale seneta mla rushwa anapokiri mwenyewe mbele ya wenzake, mimi huwa nashindwa kuamini.

Wakili wa Upanga
Mngeifikiria pia filamu ya Z, ya mwongozaji Costa-Gavras, ya 1969. Hakimu mpelelezi anawauliza maofisa wakubwa jina na kazi, mmoja baada ya mwingine, kama raia yeyote. Kikwazo ni kwamba ni ya Kifaransa.

Mwalimu wa Sinza
Ahsanteni. Itakuwa ya Watergate. Kabla ya kuianza nitaeleza habari za Nixon, na za Mzee Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa vifo vya mahabusu Shinyanga, ingawa hakuviamuru yeye. Mzee wa Magomeni, nakuomba ufike: sehemu ya mtunza hesabu ikiisha nitasimamisha picha, nawe uwaeleze hiyo hati ya malipo.