Mkate wa kumimina wa unga wa ngano?? Tuacheni jamani

Hivi nyie mnaouza mkate wa kumimina hapa Unguja siku hizi nani kakwambieni unapikwa kwa unga wa ngano? Juzi nimenunua sehemu moja mjini, jina silitaji, na nikauliza kabisa, huu wa mchele? Nikajibiwa ndio wa mchele huo. Nafika nyumbani nakata, keki! Keki kavu ya vanila, iliki hata harufu hamna, tui sijui lilipita wapi, halafu juu wamerushia zabibu ili tusiulize. Huo ni wizi wallahi.

Mkate wa kumimina ni mchele. Unauroweka usiku kucha, asubuhi unauchuja, unausaga na tui zito la nazi mpaka ukishika kwa vidole husikii chenga, unatia hamira na iliki ya kutwanga saa ile ile sio ya kukaa kwenye kopo, unafunika unasubiri uumuke. Sukari na ute wa yai vinakuja baadae. Sufuria unaipasha kwanza na samli ndo unamimina, moto wa chini mdogo, makaa mengi unapalia juu ya mfuniko. Ukiuchelewesha unachachuka, ukiwa na pupa unatoka mzito.

Na msiniambie kila mtu na upishi wake. Mchele hauna ule mnato wa ngano, ndo maana hewa ya hamira inapanda inaacha vitundu virefu mpaka juu, ukikata kipande ndani ni kama sega la nyuki. Ngano inaikamata ile hewa inabaki vitundu vidogo vidogo, inakuwa keki tu hata uitie nazi ya shamba zima. Na wengine hata hamira hawatii, ni bekingi poda, dakika kumi wako jikoni wamemaliza!

Bibi yangu Ramadhani alikuwa anaanza kupalia makaa baada ya alasiri, mtaa mzima unanuka iliki na sisi tumefunga, tunapelekeshwa kwa majirani na sahani imefunikwa kawa huku roho zetu ziko kwenye ule ukingo wa pembeni, ulioiva na samli ukawa wa kahawia, maana huo ndo tulikuwa tunagombania wakati wa futari.

Najua nazi imepanda bei, najua umeme unakatika blenda imejaa mchele, haya pandisheni bei basi, nani kakataa kulipa? Tui la boksi pia nitavumilia ingawa roho inaniuma. Ila mchele ukiutoa umebakisha nini?

Kilichonitia hasira hasa ni mwanangu. Kaonja wa mchele aliopika shangazi yangu, kauweka chini eti huu mbona hauna vanila. Yaani mtoto wa hapa hapa anaona ule wa kweli ndo umekosewa! Na mgeni anaekula hiyo keki yenu anaondoka anaamini ndo mkate wetu.

Andikeni mkate wa ngano, uzeni, sina neno na mtu. Na nyie mnaopika wa mchele, moto chini moto juu, semeni mko mtaa gani, hata ukiwa Wete kule Pemba nitapanda boti nije nichukue.