Tupeane uzoefu: chakula cha jioni na ngoma kwa wageni wa kongamano Mwanza

MdauNyegezi: Wakuu, nimeona tangazo la kongamano jingine: wageni 120, ufukweni, sato wa kuchoma, ngoma ya Kisukuma. Wenye kazi hizi tuwekeeni vipimo hapa, kamati zisome kabla hazijalipa advansi.

JikoKirumba: Kinachoangusha shughuli ni idadi ya nyavu za kuchomea. Wavu mmoja unabeba sato 12 wa gramu 300 hadi 350, na mzunguko ni dakika 20. Watu 120 ni mizunguko 10. Ukianza basi linapofika saa 1, wa mwisho anapata samaki saa 4 na dakika 20, wali umeshakauka. Hapo kamati inamkaba mpishi, mpishi anaongeza mkaa, moto unapanda, ngozi inaungua na mnofu wa kwenye uti unabaki mbichi. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote, na haitibiki. Weka nyavu 4, anza saa 12 na nusu, kwa saa moja umemaliza. Chanja mikato mitatu kila upande mpaka mfupani. Chumvi na ndimu zikae dakika 20 tu, zikizidi mnofu unameguka kwenye wavu. Mwaloni, soko la samaki, nenda alfajiri, barafu kilo kwa kilo ya samaki. Sato chini ya sentimita 25 usiguse, ni kosa kisheria.

MamaIgoma: Kweli kabisa. Na mkaa uache uvae majivu kwanza.

KapriPointi: Mnajitesa. Saa 10 jioni wachome waive nusu, malizia wageni wakifika.

JikoKirumba: Hapana kaka. Samaki nusu mbichi akikaa kwa muda wa saa tatu kwenye joto hili unawaharibu wageni matumbo.

KapriPointi: Hoteli kubwa wanatanguliza.

JikoKirumba: Wana vyumba vya baridi, ufukweni huna. Ukitaka kutanguliza, aive kabisa, akae kwenye vyombo vya moto juu ya nyuzi 60. Au kaanga minofu ya sangara papo hapo, gramu 200 mbichi kwa mtu.

NgwanaKisesa: Mmesahau ngoma. Bugobogobo, ngoma ya Kisukuma ya wakulima, ina majembe, na yanarushwa juu. Wachezaji 15 wape mita 8 kwa 8, meza ya karibu ikae mita 4 nyuma. Kabla hawajaingia, shika kila jembe utikise: likicheza kwenye mpini, lisiingie uwanjani. Wacheze kwenye nyasi au udongo, vigae vinateleza jasho likidondoka. Wiki ya Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma baada ya sikukuu ya Ekaristi, vikundi vingi viko Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, weka oda mapema.

Sengerema_Juu: Waleteni Bayeye na chatu! Wageni watapiga picha mpaka asubuhi.

MamaIgoma: Chatu na chakula? Mimi sitaki.

NgwanaKisesa: Dada, Bayeye ni chama cha heshima, wanajua nyoka na dawa zake. Wape nafasi yao kabla ya chakula, mshereheshaji atangaze dakika 10 kabla ili anayeogopa atoke kwa staha. Chatu asiguswe bila ruhusa ya mwenye nyoka.

Sengerema_Juu: Na taa zote zimulike hapo!

FundiMitambo: Taa punguzeni. Vijidudu vya ziwani vinafuata mwanga mweupe, mara nyingi mwezi ukiwa mchanga, vikishuka vinajaa kwenye mchuzi. Weka taa nyeupe mbali, mita 20 pembeni kama chambo, mezani tumia za njano. Umeme: birika za chai zisiwe laini moja na mikisa ya muziki. Birika moja inavuta kilowati 2, zikiwashwa tatu volti inashuka na muziki unakata katikati ya wimbo. Ngozi za ngoma zinalegea kwa unyevu wa ziwani, zisogezwe karibu na mkaa, kama mita moja, robo saa kabla.

KapriPointi: Na majiko yakae upande gani?

FundiMitambo: Pembeni. Jioni upepo unatoka ziwani, usiku unageuka unatoka nchi kavu. Ukiyaweka mbele au nyuma ya meza, moshi utawapata tu kwa zamu.

MamaIgoma: Ongezeni michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) na karanga wakati wanasubiri. Kilo 1 inatosha meza mbili.