Naomba ushauri: chuo cha uuguzi cha karo nafuu kwa mdogo wangu, aanze na cheti au asome kwanza hadi kidato cha sita?

Mshonaji wa Bombo
Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mshonaji wa nguo hapa Bombo, Uganda, na tangu baba yetu afariki ni mimi ninayemlipia karo kitinda mimba wetu. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2024, akiwa katika kundi la kwanza kufanya mtihani wa UCE kwa mtaala mpya, akafaulu vizuri Baiolojia na Kemia, na katika Fizikia, Hisabati na Kiingereza hakuanguka. Kwa sasa ananisaidia kupiga pasi na kufunga vifungo dukani, lakini moyo wake uko kwenye uuguzi na hataki kusikia jambo lingine.

Nikibana matumizi naweza kutenga shilingi 300,000 kila mwezi, kwani nina watoto wangu wawili shuleni. Nimeuliza vyuo viwili vinavyofundisha cheti cha uuguzi. Cha kwanza ni cha mtu binafsi, pembezoni mwa Kampala, na karo yake ni 850,000 kwa muhula. Cha pili ni cha hospitali ya misheni, mbali na nyumbani, nacho kinadai 1,300,000 kwa muhula. Majirani wananishangaa kwamba bado ninafikiria, wakati tofauti iko wazi. Shangazi yetu naye anashikilia kwamba binti arudi shuleni, amalize kidato cha sita, ndipo aingie diploma moja kwa moja, kwa sababu cheti kitamwacha chini maisha yake yote. Je, kipi ni nafuu kweli, na je, shangazi yuko sahihi?

Sista wa Wodi, Gulu
Dada, pole kwa kufiwa na mzazi. Mimi nilianza na cheti, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyapitia. Kabla ya kulinganisha karo, uliza kila chuo kama kiasi hicho kinajumuisha bweni na chakula. Nadhani cha misheni kinajumuisha na kile cha kwanza hakijumuishi, maana ndivyo ilivyo kwa vingi. Ikiwa ni hivyo, mdogo wako atapanga chumba, tuseme 350,000 kwa muhula, na hata akijipikia mwenyewe kwa 4,000 kwa siku, siku 120 ni 480,000. Ukijumlisha na karo unapata 1,680,000. Cheti huchukua miaka miwili na nusu, yaani mihula mitano, kwa hiyo chuo kinachoitwa cha bei rahisi kitakula 8,400,000, na cha misheni 6,500,000. Hapo sijagusa nauli.

Nauli nayo si jambo dogo. Muuguzi hufundwa wodini. Chuo kilichojengwa ndani ya uwanja wa hospitali, kama Lacor hapa Gulu, Matany kule Karamoja, Kibuli au Nsambya mjini Kampala, humtoa mwanafunzi bwenini na kumfikisha kwa mgonjwa kwa miguu, hata zamu ya usiku. Chuo kisicho na hospitali yake hutuma wanafunzi kwenye hospitali za watu wengine, ambako hukutana na wenzao wa vyuo vingine wakiwa kumi wamezunguka kitanda kimoja, na anayepata nafasi ya kuchoma sindano ni mwenye viwiko vikali. Nimewapokea wengi wa namna hiyo wakiwa wamehitimu, na mwezi wa kwanza tunawafundisha upya kuweka dripu. Kwa kuwa ninyi mko Bombo, msiisahau Kiwoko, wilayani Nakaseke, ambayo ni hospitali ya misheni yenye chuo, na si mbali nanyi.

Mwalimu wa Kemia, Jinja
Naheshimu hesabu ya Sista, ila shangazi asidharauliwe. Anayefaulu Baiolojia na Kemia katika UACE, mtihani wa kidato cha sita, anaweza kuomba diploma ya miaka mitatu moja kwa moja, na akifaulu zaidi, shahada ya uuguzi Makerere, Mbarara au Busitema. Tena Bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, HESFB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, hukopesha wanafunzi wa shahada na wa diploma za sayansi, ingawa mkopo huo hulipa ada za masomo na haumlishi mtu wala kumpa pa kulala. Mwanafunzi wa cheti hana mlango huo. Nimewaona wasichana wenye akili wakikimbilia cheti kwa sababu ya haraka ya nyumbani, kisha miaka kumi baadaye wanawasaidia kazi watu waliokuwa nyuma yao darasani.

Sista wa Wodi, Gulu
Mwalimu, kweli tupu, lakini mshonaji hana pesa za kubahatisha. Kidato cha tano na cha sita ni miaka miwili ya karo kabla ya kugusa chuo, na ukiongeza diploma inakuwa miaka mitano bila mshahara. Mwenye cheti anasoma miaka miwili na nusu, anafanya kazi, kisha anarudi kwa diploma ya nyongeza ya mwaka mmoja na nusu, na mara nyingi anajilipia mwenyewe. Mimi nilifanya hivyo. Ngazi ipo, ila kuna wanaokaa kwenye kidaraja cha kwanza kwa sababu wameanza kusomesha wadogo zao, na hapo sina la kumlaumu mtu.

Mzazi kutoka Arua
Ndugu mshonaji, mimi nitazungumzia kibali. Binti wa kaka yangu aliingia chuo kimoja ambacho sitakitaja, majengo yamepakwa rangi na wanafunzi wana sare nyeupe, na kila muhula tulilipa bila kukosa. Ulipofika wakati wa kuandikishwa kwa mtihani wa taifa, ambao wakati huo ulisimamiwa na UNMEB, bodi ya mitihani ya wauguzi na wakunga, na leo unasimamiwa na UHPAB, bodi ya mitihani ya taaluma za afya, jina lake halikuwemo, kwa kuwa chuo hakikuwa na ruhusa ya kufundisha kozi ile. Pesa hazikurudi. Kwa hiyo usikubali barua ya chuo peke yake. Nenda mwenyewe kwenye Baraza la Wauguzi na Wakunga, au umtume mtu unayemwamini, aulize kama chuo kinatambuliwa na kwa kozi ipi, kwa sababu chuo kinaweza kuruhusiwa kufundisha ukunga kisiruhusiwe uuguzi. Bila Baraza hilo hakuna usajili wala leseni, na bila leseni hakuna kazi.

Pia omba orodha ya mahitaji kabla hujalipa chochote. Glavu, karatasi, sabuni, fagio, sare pea mbili, viatu, saa ya kubandika kifuani, ada ya mtihani: vitu hivi haviandikwi kwenye tangazo la redio.

Mshonaji wa Bombo
Nawashukuru sana. Nimepiga simu vyuo vyote viwili. Cha Kampala, kama Sista alivyokisia, hakina bweni wala chakula, na nilipouliza hospitali wanayofanyia mazoezi nilitajiwa tatu, moja ikiwa ya safari ya basi. Cha misheni bweni na chakula vimo, na wanakubali nusu ya karo mwanzoni na nusu iliyobaki kabla ya mtihani, jambo linaloafikiana na 300,000 zangu kwa mwezi. Orodha ya mahitaji wameituma, na sare nitazishona mwenyewe wakiniruhusu. Jumatatu binamu yangu atapita kwenye Baraza. Shangazi bado amenuna. Swali langu la mwisho: wamesema hospitali inaweza kumlipia mwanafunzi sehemu ya karo akiahidi kuifanyia kazi baada ya kuhitimu. Nikubali?

Sista wa Wodi, Gulu
Omba mkataba wenyewe, usome miaka ni mingapi, mshahara utakuwa kiasi gani katika miaka hiyo, na atadaiwa nini akiondoka mapema. Ikiwa ni miaka miwili na mshahara ni ule ule wanaolipwa wauguzi wengine wa cheti hapo, mimi ningetia sahihi, kwa kuwa atakuwa na kazi siku anapopata leseni. Ila atie sahihi yeye mwenyewe, baada ya kuusoma.