Huyu fundi aliyeziba PCV (valvu ya kupumulia injini) kwa BOLTI aachwe aendelee kushika spana?

Wakuu, mnamjua, simtaji. Gari lenye injini ya Toyota 1NZ limepelekwa kwake linavuja oili sili ya nyuma ya krankshafti. Kashusha gia boksi, kaweka sili mpya, kala hela. Kumbe mpira wa PCV ameuchomoa kitambo na kuuziba kwa BOLTI. Na klipu juu, aonekane msomi!

Moshi unaopenya kwenye ring za pistoni lazima utoke. PCV inaupeleka manifoldi, njia ya hewa kuingia injini, ukaungue upya. Ukiziba, presha inapanda na oili inatafuta pa kutokea: sili, gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), hadi dipstiki inaruka kama fataki. Sili mpya itadumu vipi? BOLTI jamani!

Kupima hakutaki mashine. Injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), toa kifuniko cha oili, weka karatasi juu ya tundu. Ikivutwa kidogo, inapumua. Ikirushwa, zima, fungua valvu. Chomeka mpira safi upulize: upande wa tapeti kava hewa ipite kirahisi, upande wa manifoldi ipite kwa shida. Usinyonye, kuna mvuke wa petroli. Ikikataa, weka mpya.

SpanaMkononi: Na wewe gari ulimwachia ukaenda kula chipsi.

Mwenye uzi: Sijauliza chipsi. Nimesema BOLTI.

MzeeWaPlagi: Afadhali bolti. Wa kwetu valvu imekwama wazi, sailensa inatetemeka, mashine inasoma P0171 (kodi ya hewa nyingi, mafuta kidogo), yeye kauza plagi nne na pampu ya mafuta! Angebana ule mpira kwa koleo, injini ikatulia, jibu analo.

Pistoni4: Valvu mpya na karatasi bado inarushwa? Pima kompresheni, ring zimekwisha.

Mwenye uzi: Imepimwa, silinda zote nne ziko sawa. Ni BOLTI!

DizeliTu: Na wanaong'oa thamostati, valvu inayozuia maji yasiende rejeta hadi injini ipate moto, eti nchi yetu ya joto? Injini haifiki hata nyuzi 82, maji hayakauki kwenye oili, chini ya kifuniko unakuta utando mweupe mzito. Utando huohuo unaziba PCV.

SpanaMkononi: Wangu kajaza maji ya kisima kwenye rejeta.

MamaVitz: Una bahati. Wangu kamimina ATF, oili ya gia boksi otomatiki ya kawaida, kwenye gia boksi ya CVT, ile ya mkanda yenye oili yake.

DizeliTu: CVT?! Dada, fungua uzi wako tuhamie huko.