Mjadala: Anayepanda Yr Wyddfa alipie mlima, au njia iendelee kuwa bure?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Niko Cardiff mwaka wa nane huu, na Jumamosi iliyopita nilipanda Yr Wyddfa, ule mlima ambao Waingereza wameuzoea kwa jina la Snowdon. Ni mita 1,085 tu, watu wa Moshi mtacheka, lakini Wales nzima hakuna unaoupita. Nilishika njia ya Llanberis, inayoanzia kijiji cha jina hilo chini ya mlima, kama kilomita 14 na nusu kwenda na kurudi.

Kule juu nikakuta foleni. Foleni kabisa, kama ya benki mwisho wa mwezi! Watu wamejipanga kwenye ngazi za mawe, kila mmoja anasubiri zamu yake ya kupigwa picha kwenye kinguzo cha kileleni. Nilisimama dakika 40 kwenye upepo. Mbele yangu kijana kavaa kaptula na raba nyeupe, nyuma yangu kimbwa kinatetemeka. Kwenye nyufa za mawe kumejaa maganda ya ndizi, na karatasi zile laini za chooni, nisieleze zaidi.

Wanaopanda wanakadiriwa kufika laki sita kwa mwaka na hakuna anayelipa hata senti. Hakuna geti, hakuna daftari la kuandika jina. Ukivunjika mguu inakuja timu ya uokoaji ya Llanberis, watu wa kujitolea walioacha shughuli zao, hawalipwi, na wewe huletewi bili. Mimi naona ifike mahali tulipe, hata pauni 5 kwa kichwa. Karibuni mnipinge.

Mzee wa Marangu
Sikupingi hata kidogo. Nimepandisha wageni Kilimanjaro miaka 23, nikianza na mizigo kichwani kama wagumu, yaani wapagazi, wenzangu, baadaye nikawa mwongozaji. Kwetu mgeni kutoka nje analipa dola 70 za hifadhi kwa kila siku, kabla ya kodi, na juu yake kuna ada ya uokoaji. Bila mwongozaji haruhusiwi kupita getini. Hela hiyo inasomesha watoto hapa kijijini, wa kwangu wakiwemo. Wajapani nao wameamka: mwaka 2024 waliweka geti kwenye njia ya Yoshida ya mlima Fuji, yen 2,000, mwaka uliofuata wakapandisha hadi 4,000, na wanaoruhusiwa kwa siku ni 4,000 tu. Kitu cha bure hakina heshima. Hao watu wa Wales wanaogopa nini?

Mpitanjia
Mzee, shikamoo. Hawaogopi, ila hilo geti halina pa kusimama. Niko Bangor, mlima nauona nikienda kazini, acha nieleze kidogo.

Kilimanjaro ni hifadhi na mwenyewe anajulikana. Eryri, yaani Snowdonia, eneo lenye mlima huu, inaitwa hifadhi ya taifa tangu 1951, lakini mamlaka ya hifadhi inamiliki kipande kidogo tu. Sehemu kubwa ni mashamba ya watu, wanaishi humo na kondoo wao. Hata ubavu wa kusini wa mlima wenyewe, shamba la Hafod y Llan, ulikuwa unauzwa kama kiwanja kingine chochote mwaka 1998. Shirika la hisani la National Trust likachangisha hela za kulinunua, na mwigizaji Anthony Hopkins akatoa pauni milioni moja.

Sasa utashangaa: njia ya umma inayokatiza shamba la mtu haihitaji ruhusa yake. Ukiona kibao "Llwybr Cyhoeddus", yaani njia ya umma, na mshale wa njano, hiyo kisheria ni barabara, sawa na barabara ya magari mbele ya nyumba yako. Mwenye shamba hawezi kuifunga wala kutoza. Wales ina njia za namna hiyo zipatazo kilomita 33,000. Halafu kuna sheria ya mwaka 2000 iliyofungua sehemu kubwa ya milima na nyika za wazi, unatembea kwa mguu hata nje ya njia. Kwa hiyo ukiweka geti Llanberis, mtu atalizunguka, na sheria iko upande wake. Na njia kuu za kupandia ziko sita. Utaweka mageti sita?

Tena haki hii haikudondoka kutoka mbinguni. Mwaka 1932 kule Kinder Scout, Uingereza, vijana wa viwandani waliingia kwa nguvu kwenye mlima uliofungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege, na watano wakafungwa jela. Ukiwaambia wajukuu zao walipe kupanda kilima, utaona.

Mzee wa Marangu
Marahaba. Barabara nayo inatengenezwa kwa hela, kijana wangu.

Mama Kondoo
Hapo mzee umenena. Mimi nimeolewa huku, baba mkwe ana kondoo mia kadhaa na njia ya umma inapita katikati ya malisho. Mnajadili kileleni tu, njooni huku chini.

Kwenye uzio kuna ngazi za mbao za kuvukia. Zikioza, kuzitengeneza ni juu ya mwenye shamba, si ya mpita njia. Halmashauri inatakiwa kumrudishia angalau robo ya gharama, robo tatu ni mfuko wa mzee wangu. Mwaka jana alikata mbao mwenyewe, mvua inanyesha, nikimshikia tochi. Wiki mbili baadaye kuna mtu kaiegemeza baiskeli yake, ubao ukachomoka.

Na Aprili moja siwezi kuisahau. Mtu alipita akaacha geti wazi. Kondoo wetu wenye wana wachanga wakaingia kwa jirani, wakachanganyika na wa kwake. Mwanakondoo akimpoteza mama yake saa chache tu, mama anaweza kumkataa. Siku nzima tunashika mmoja mmoja, tunatazama namba za rangi ubavuni, tunawapatanisha. Wanne tuliwalea jikoni kwa chupa. Sheria inasema kwenye ardhi ile ya wazi, kuanzia tarehe 1 Machi hadi 31 Julai, mbwa afungwe kamba isiyozidi mita mbili. Nani anapima kamba?

Lakini mleta mada, pauni 5 zako sizitaki. Aliyelipa ataona amenunua. Leo nikimwambia mtu "funga geti, tafadhali" anaona aibu, anafunga. Akishalipa atanijibu geti si kazi yake.

Mleta mada
Mama Kondoo, hapo umenibadilisha, nakiri. Basi mguu usitozwe. Tutoze kitanda na gari. Bunge la Wales limeshapitisha sheria mwaka 2025: halmashauri ikitaka, kuanzia 2027 mgeni anayelala hotelini atatoa pauni 1.30 kwa usiku, wa kambi na hosteli peni 75. Ziende kwenye ngazi zenu na kwenye mawe ya njia.

Mpitanjia
Wazo zuri, lina tundu. Wengi wa Jumamosi wanatoka Liverpool na Manchester asubuhi, jioni wamerudi makwao. Hawalali, hawatozwi. Anayelala siku tatu, akala na kununua hapa, ndiye atakayelipa.

Mleta mada
Ndiyo maana nikasema na gari. Pale Pen-y-Pass, maegesho ya wanaopanda, msimu wa wageni wengi tayari huegeshi bila kukata nafasi mapema mtandaoni. Wapandishe bei, waongeze mabasi, hela iingie kwenye njia moja kwa moja. Mwenye miguu yake aliyeshuka kwenye basi apite bure.

Mzee wa Marangu
Na hao waokoaji je? Mbona wote mmewaruka? Kwetu mtu akizidiwa juu usiku tunamteremsha kwenye machela ya gurudumu moja, na kila anayesukuma analipwa. Nyie mnampigia simu mtu yuko mezani na watoto wake, aje kumtafuta yule wa raba nyeupe.

Mama Kondoo
Mzee, shemeji yangu yumo kwenye timu kama hizo, si ile ya Llanberis. Nilimuuliza swali lako hilo hilo. Alisema wakianza kutoza, mtu aliyepotea saa kumi jioni atapiga simu saa tano usiku, akiwa ameshaganda, kwa kuogopa bili. Halafu akavaa viatu, simu yake ilikuwa imeita.