Baba anageukia ukutani redio ikiwashwa: muziki kwa mgonjwa wa tiba shufaa tunaanzaje?

BintiKibosho (Moshi)
Habari za jioni wanajukwaa. Baba ana saratani ya tezi dume, imeshaingia kwenye mifupa. Hospitalini KCMC walitueleza ukweli bila kuzunguka, sasa tuko naye nyumbani kwa tiba shufaa, yaani ya kumtuliza maumivu, si ya kumponya, anakunywa mofini ya maji.

Ndugu wanaokuja kumwona huwasha redio, mapambio kwa sauti ya juu, katikati matangazo ya mikopo. Baba anageukia ukutani. Nikizima naambiwa namnyima mgonjwa neno la Mungu. Juzi mdogo wangu alikuwa anamenya ndizi huku anaimba wimbo wa zamani wa kwaya ya parokia. Baba, ambaye ameimba besi maisha yake yote, akaanza kugonga kidole kwenye ubao wa kitanda. Besi ilipofika zamu yake, akaingia. Hewa tupu, lakini aliingia mahali pake.

Tukasema tumwimbie jioni. Shangazi akakataa katakata: "Mnamwimbia kaka yangu nyimbo za msiba angali hai?" Ana hoja, maana nusu ya nyimbo hizo tunaziimba makaburini.

Nasikia nchi nyingine kuna wataalamu wa tiba ya muziki kwa wagonjwa kama hawa. Wanafanya nini hasa? Sisi tusio na mtaalamu tunaanzia wapi?

NesiMstaafu (Arusha)
Pole sana mwanangu. Miaka yangu ya mwisho kazini nilikuwa tiba shufaa, tunawafuata wagonjwa majumbani huku Arumeru.

Redio zima. Wewe ukichoka kelele unatoka nje, yeye anatokaje?

Mtaalamu wa tiba ya muziki anamfuata mgonjwa, hapo ndipo anapotofautiana na mtu wa kubonyeza simu. Anaangalia pumzi. Mgonjwa akihema haraka, anaanza kwa mwendo huohuo, kisha anapunguza kidogo kidogo, na mara nyingi pumzi nayo inashuka. Wengine hutunga wimbo pamoja na mgonjwa au kurekodi sauti yake ibaki kwa familia. Sasa unaona kwa nini mdogo wako jikoni aliweza kilichoishinda redio: mtu anaweza kurudia ubeti, kupunguza, kunyamaza.

Imbeni dawa ikishashika, dakika 15 au 20 zinatosha. Tazameni paji la uso na mikono. Akikunja uso, acheni hapohapo. Na dozi ya mofini ibaki kwa saa zake kama mlivyoelekezwa, asije mtu akasema leo tumemwimbia basi turuke.

Shangazi msimsukume. Cicely Saunders, daktari aliyeanzisha hospisi (nyumba ya kutunzia wagonjwa wanaokaribia mwisho) ya St Christopher's kule London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa hayaishii mwilini, kuna ya moyo, ya kifamilia na ya kiroho. Shangazi anaumwa hayo ya kwake.

Halafu mbona mnabishana wenyewe, mzee hamjamuuliza? Muulize maswali ya ndiyo au hapana. Wala usidhani mwanakwaya anataka kanisa tu. Kuna mzee wa kanisa huku alitaka bendi za jazi za Morogoro na Tabora za ujana wake. Mkewe alicheka mpaka akatoa machozi.

MbishiWaSakina
Haya ni mambo ya watu wenye muda. Mgonjwa anataka dawa, usafi na kugeuzwa asipate vidonda. Akishakuwa haitiki unamwimbia nani?

NesiMstaafu
Kugeuzwa ni kweli, na mdomo ulowanishwe. Kuhusu kusikia: mwaka 2020 watafiti wa Vancouver, Kanada, walichapisha vipimo vya mawimbi ya ubongo vya wagonjwa wa hospisi waliokuwa hawaitiki tena, wamebakiza saa chache. Baadhi yao ubongo ulikuwa bado unashtukia sauti zilipobadilika. Kama walielewa, kipimo hakisemi. Mimi hiyo inanitosha kuwakataza watu kugombania kihamba, yaani shamba la ukoo, kando ya kitanda.

MamaSwaumu (Majengo, Moshi)
Mama yangu hakutaka kinanda wala dufu. Alitaka mjukuu wake amsomee Kurani, tena taratibu. Tukamwachia hicho hicho.

BintiKibosho
Asanteni sana. Redio nimeihamishia jikoni. Nimemuuliza Baba, dansi amekataa, kwaya amekubali. Shangazi naye amekubali kwa sharti: Noeli na Pasaka tu, za mazishi asizisikie. Basi jana tumeimba Noeli mwezi wa saba, majirani sijui wametuelewaje! Kaka ametoka Arusha, akashika besi ya Baba. Mstari wa pili tu, Baba akafumbua macho: "Unapanda." Tukaanza upya. Akamkatiza tena. Kaka jasho linamtoka, shangazi mlangoni anajifanya hasikilizi.

Nesi, hilo la kurekodi tunalitaka. Tuna simu ya kawaida tu, na huku ni kuku na bodaboda kutwa.

NesiMstaafu
Simu inatosha. Ilaze kwenye kitambaa karibu na mto, funga dirisha, weka hali ya ndegeni asije mtu akapiga katikati. Jaribu asubuhi, dawa ikiwa imeshika na wageni hawajaanza kuingia. Ila ruhusa yake kwanza, na umuulize nani asikilize na nani asisikilize.