Mrejesho: laptop ya binti yangu imepatikana

Wakuu, niliomba ushauri wa laptop iliyotumika kwa ajili ya binti yangu wa kidato cha kwanza, bajeti laki 5. Nimechukua ThinkPad T480 pale Kariakoo, RAM GB 8, SSD GB 256, laki 4 na 80.

Aliyesisitiza nisishuke chini ya prosesa (chip kuu ya kompyuta) ya Intel kizazi cha 8, Mungu akubariki. Nilikuwa karibu kulipia ya kizazi cha 6, ambayo Windows 11 haiikubali rasmi, na msaada rasmi wa Windows 10 ulifikia mwisho Oktoba 2025.

T480 hii ina betri mbili, ya ndani na ya nje; nilizikagua palepale kwa powercfg /batteryreport, amri ya Windows inayoonyesha uwezo wa betri uliobaki. Ya nje ilikuwa imebaki nusu ya uwezo wake. Muuzaji akaibadilisha bila ubishi. Jana binti kachapa insha yake ya kwanza.